Memwari juu ya moyo kushindwa: uchimbe mafishi ya zamani, ufuate wagonjwa, ao uende kupima watu mu kartie?

Wiki hii wadogo watatu wameniuliza swali moja. Wote wako mwaka wa mwisho hapa Bukavu, wawili wanasoma udaktari na mumoja uuguzi, wote wanataka kuandika memwari (kazi ya kumaliza masomo) juu ya moyo kushindwa kazi, ule ugonjwa wenye jirani anaita "moyo imevimba", na wote wamekwama fasi moja: nichimbe mafishi ya zamani mu arshivi, nianze kufuata wagonjwa wenye wanaingia leo, ao nichukue mashini ya tansio niende kupima watu mu kartie? Kila mumoja alikuwa amesikia kwa mutu fulani kama moja kati ya hizo njo utafiti ya kweli na zingine ni za wavivu. Mimi sikubali hiyo. Kila njia iko na swali yenye inajua kujibu, na shida inaanza pale unachukua njia ya swali hii unaenda kujibia swali ile.

Ju ya nini ninakaza hivi? Mu 2012 kulitoka matokeo ya utafiti wa THESUS-HF, wagonjwa 1,006 wenye walilazwa na moyo kushindwa mu hospitali 12 za nchi 9 za Afrika. Umri wao wa wastani ilikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani huu ugonjwa unakamata zaidi wazee wa 70 na kupanda, na mara mingi sababu ni mishipa ya moyo kuziba. Mu THESUS-HF tansio ilikuwa sababu kwa asilimia 45, moyo kuharibiwa na rimatismu asilimia 14, na mishipa kuziba haikufika hata asilimia 8. Kwa hiyo ni watu wa kufanya kazi bado, ni wazazi wenye watoto mu masomo. Nchi zile 9 ni Kameruni, Ethiopia, Kenya, Msumbiji, Nigeria, Senegal, Afrika Kusini, Sudan na Uganda. Kongo haimo. Ukipokea papa wa miaka 48 wa Bagira mwenye hawezi tena kulala bila mito tatu, unamutibu na hesabu za majirani. Memwari yako, hata ndogo, kama imefanywa vizuri, ni mahali watu wa hapa wanaanza kuhesabiwa.

Mambo ya kuangalia mbele ya kuchagua

Nitapitisha kila njia ku mambo ileile. Inajibu swali gani. Inakula muda na feza ngapi. Inaomba ekografi ya moyo (mashini yenye inaonyesha picha ya moyo ikipiga) ao hapana, ju bila ekografi huwezi kusema kama moyo inasukuma vibaya (kila pigo inatoa asilimia 40 ya damu yenye iko ndani yake, ao chini) ao inasukuma vizuri lakini imekuwa ngumu (50 na kupanda), na hao ni wagonjwa wawili tofauti hata kama miguu zao zinavimba sawasawa. Kisha, na hii njo watu wanasahau, ni wapi inaweza kukudanganya. Mwisho, inamufaa nani.

Barua ya komite ya maadili siiweki kama tofauti, ju njia zote tatu zinaihitaji. Hata mafishi. Mutu mwenye fishi yake iko mu karto hakukupa ruhusa ya kuisoma.

Mafishi ya zamani

Inajibu nini: wangapi walilazwa mu miaka fulani, walikuwa wa umri gani, walikaa siku ngapi, waliandikiwa dawa gani, wangapi walitoka wazima. Ni swali za nguvu hizo, usizizarau. Hospitali nyingi za hapa haziko na jibu yake, na mutu wa farmasi angependa kujua ni vyupa ngapi vya furosemidi (Lasix, dawa ya kutoa maji mu mwili) vinaenda kila mwezi.

Muda: ukiwa na ruhusa, miezi miwili inatosha. Feza: kidogo, daftari na kompyuta ya kuazima. Ekografi: utatumia tu yenye ilifanyika, huwezi kuongeza.

Mimi nilifanya hii. Arshivi ilikuwa chumba moja chini ya ngazi, makarto yamelowa upande wa ukuta, na fishi zingine wino ilikuwa imetembea mpaka tarehe ya kuingia ikawa doa la buluu. Unafungua fishi, unasoma "OMI +++", hiyo ni miguu kuvimba sana, unasoma tansio ya siku ya kwanza, na chini daktari ameandika kama ekografi itafanywa. Unageuza ukurasa, hakuna kitu. Mugonjwa hakuwa na feza, ao mashini ilikuwa imekufa, ao yeye mwenyewe alikufa usiku, fishi haisemi.

Sasa mimi nikaamua, nikaona ni akili: nitabakiza tu wale wenye ekografi, ili nikuwe na uhakika. Nikahesabu, waliokufa wakawa wachache, nikafurahi kabisa. Siku ya kutetea, profesa mumoja, mupole sana, akaniuliza: "Dokta, wale wenye walikufa mbele ya kufika ku ekografi, umewaweka wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikarudi hospitali, nikaomba rejista ya dharura, ile kitabu kubwa ya mistari, na wale watu walikuwa mule, jina, umri, saa ya kuingia, na kalamu nyekundu pembeni. Nilikuwa nimewatupa wagonjwa sana kuliko wote, kisha nikasema wagonjwa wa moyo wa hapa wanapona vizuri. Kazi ilipita, nikasahihisha, lakini ninaiwaza mpaka leo ju ile hesabu ya kwanza ingeweza kusomwa na mutu wa kupanga bajeti.

Kwa hiyo hapo njo fasi ya kwanza yenye mafishi yanadanganya: wenye hawana kipimo si watu wa bahati tu, mara nyingi ni wenye walikuwa vibaya zaidi. Dawa yake si ngumu. Andika watu wote wenye waliingia, hata bila ekografi, uwatambue na dalili. Kuko kanuni za Framingham za 1971 za kutambua moyo kushindwa: dalili kubwa mbili, kama kuamka usiku unatafuta hewa na mishipa ya shingo kuvimba, ao kubwa moja na ndogo mbili, kama miguu kuvimba na kukohoa usiku. Kisha onyesha makundi mawili kando kando, wenye ekografi na wasio nayo, msomaji aone mwenyewe.

Fasi ya pili ni kulinganisha dawa. Tafazali usifanye hii na mafishi. Daktari anaongeza digoksini, dawa ya moyo, kwa mugonjwa mwenye anaona anazidiwa, kisha wewe unahesabu unakuta wenye digoksini walikufa zaidi, unaandika kama digoksini inaua. Lakini mu 1997 jaribio la DIG lilipogawa wagonjwa 6,800 kwa bahati, nusu digoksini na nusu kidonge kitupu, vifo vilikuwa karibu sawa kabisa, 34.8 na 35.1 kwa mia, na wenye digoksini walirudi hospitali ju ya moyo mara chache kuliko wenzao. Fishi ilikuwa inakuonyesha woga wa daktari, si kazi ya dawa.

Inamufaa: mwenye ako na miezi michache, mwenye anafanya stazi kila siku na hana feza, na zaidi ya yote mwenye hospitali yake iko na rejista yenye kuandikwa vizuri. Mbele ya kuamua chukua fishi ishirini bila kuchagua, angalia ni ngapi ziko na umri, tansio, uzito, dawa za kutoka na vile alitoka. Kama nusu hazina, geuza swali yako leo.

Kufuata wagonjwa

Hii njo watu wanaheshimu zaidi, na kweli iko na kitu mafishi hayana: wewe njo unapima. Unaamua kila mutu atapimwa uzito na mizani ileile, ataulizwa maswali yaleyale. Vitabu vinauliza kama mugonjwa anaweza kupanda ngazi bila kupumua vibaya, na wewe hapa unaweza kuliuliza kwa lugha ya milima yetu: mama, ukitoka soko ya Kadutu mpaka kwako, unasimama mara ngapi? Mwezi uliopita ulikuwa unasimama mara ngapi? Mama mwenye atakuambia "nilikuwa ninasimama mara moja, sasa ninakaa ku kila mulango ya watu" amekupa jibu kuliko mashini zingine.

Inajibu: nini kinapata watu kisha kutoka hospitali. Wangapi wanarudi, wangapi wanaacha dawa, wangapi wanakufa kwa miezi 6. Ni hapo njo kuna kilio cha Afrika. Mu utafiti wa INTER-CHF, yenye ilitoka mu 2017 na wagonjwa 5,823 wa nchi 16, kisha mwaka moja 34 kwa mia ya wagonjwa wa Afrika walikuwa wamekufa. Kwa wote pamoja ilikuwa 16.5, na China 7. Hiyo tofauti haielezwi na mafishi ya kulazwa, ju fishi inafungwa siku mutu anatoka ku geti.

Muda: hesabu miezi 9 kwa uchache, mitatu ya kuingiza watu na 6 ya kuwafuata, na kama memwari inatolewa kwa miezi 5 usijaribu hata. Feza: inite za simu, feza ya pikipiki, na kama unaweza, ekografi ya wale hawawezi kulipa. Hii ya mwisho njo inavunja watu mugongo. Ukiweka sharti kama mugonjwa ajilipie ekografi ndio aingie, umerudi palepale kwa kosa yangu, umechagua wenye feza.

Yenye inadanganya hapa ni watu kupotea. Tuseme umeingiza watu 60. Kisha miezi 6 unajua 10 wamekufa, 30 wako, na 20 simu haiiti. Utaandika ngapi? Kama wale 20 wote wako wazima ni 10 kwa 60, karibu 17 kwa mia. Kama wote walikufa ni 30 kwa 60, nusu. Kati ya 17 na 50 huna utafiti, uko na kubahatisha. Na hapa kwetu watu wanapotea kweli, laini inabadilishwa, familia inahama ju ya vita, mugonjwa anarudishwa Walungu ao Kalehe ju huko njo kuko shamba na watu wa kumuangalia.

Vile nimeona inasaidia: chukua namba tatu siku ya kwanza, si moja. Ya mugonjwa, ya mutoto mwenye analipa dawa, na ya mutu mwenye hahami, kama mukubwa wa shirika, paster, ao shefu wa avenyu. Piga zote palepale ukiwa mbele ya kitanda, ju namba ingine ilikosewa tarakimu moja na hutajua mpaka mwezi wa sita. Uliza "mukihama munaenda upande wa nani?" na uandike jina ya kijiji. Piga siku ya 7, si kungoja 30, ju siku za kwanza njo watu wanakosa dawa, kile kikaratasi cha Lasix kinaisha na hakuna mutu alimuambia kama inaendelea.

Niseme kitu tena juu ya hii njia. Utapiga simu, mutoto atapokea, atanyamaza kidogo, kisha: "Dokta, mama alitutoka." Ao utamukuta mugonjwa ako muzima lakini ameuza redio ju ya dawa na sasa hakuna kitu ingine ya kuuza. Ujipange mbele utafanya nini, utamutuma wapi, nani hapo hospitali anaweza kumupokea. Huwezi kuandika tu "ameacha dawa" unafunga kompyuta.

Inamufaa: mwenye ameanza mapema, mwenye ako na daktari wa magonjwa ya ndani ao wa moyo wa kumusindikiza, mwenye anaweza kuongea na watu wazima kwa heshima, na mwenye kundi yake ni ndogo na ya wazi. Wamama wenye moyo inachoka mwisho wa mimba ao miezi ya kwanza kisha kuzaa, kwa mufano: si wengi, wanarudi ku chanjo ya mutoto, kwa hiyo unajua fasi ya kuwakuta. Na hao wanachelewa sana kujulikana ju kila mutu, hata muuguzi, anawaambia miguu kuvimba ni ya mimba.

Kupima watu mu kartie ao ku masomo

Hapa wengi wanakosea swali. Usiende mu kartie kutafuta moyo kushindwa, utakuta wachache sana na kila mumoja atahitaji ekografi. Enda kutafuta yenye inaileta: tansio ya juu kwa watu wazima, moyo ya rimatismu kwa watoto.

Muda ni mufupi, wiki chache. Feza ni mingi kuliko watu wanafikiri: mashini za tansio mbili zenye kukubaliana, betri, watu wa kusaidia, maji, usafiri. Ruhusa si ya komite tu, ni ya shefu wa kartie, ya mukuu wa masomo, ya wazazi.

Ekografi inabadilisha jibu kabisa, na mufano ya wazi inatoka Msumbiji. Mu 2007 kulitoka kazi yenye ilipima watoto 2,170 wa masomo huko. Kwa kusikiliza moyo na stetoskopi kisha kuhakikisha, walikuta 2.3 kwa elfu. Kwa ekografi, watoto walewale, 30.4 kwa elfu. Zaidi ya mara kumi. Sasa chukua ile 384, hesabu ya watu wa kupima yenye kila mutu anaandika mu memwari. Ile namba inatoka ku formule ya kutafuta asilimia moja, ukikadiria 50 kwa mia na kukubali kukosea 5 juu ao chini, haina kazi ingine, haifai kulinganisha makundi mawili. Ukipima watoto 384 na ekografi, kama ni sawa na Msumbiji, utakuta karibu 12. Ukiwapima na stetoskopi tu, utakuta mumoja ao hakuna, na utaandika kama hapa kwetu rimatismu imeisha.

Kwa tansio hauhitaji ekografi, unahitaji uvumilivu. Mutu apumzike dakika 5, amekaa, mugongo imeegemea, miguu chini, mukono usawa wa moyo, kitambaa ya mashini yenye kuenea mukono yake, upime mara mbili ao tatu. Bukavu ni milima, mutu amepanda sasa hivi na bido ya maji ku kichwa, ukimupima palepale utamupa ugonjwa hana. Na saa ya kwenda inabadilisha matokeo: katikati ya wiki asubuhi utakuta wamama, wazee na wagonjwa, wanaume wametoka. Siku ya mungu kisha misa utakuta wengine. Pita saa zote mbili.

Fasi ingine inadanganya: unapima vitu vyote siku moja, kwa hiyo huwezi kusema nini kilitangulia. Ukikuta wenye tansio wanakula chumvi kidogo, inaweza kuwa waliambiwa na daktari wapunguze.

Na mbele ya kutoka nyumbani, amua: papa mwenye mashini imesoma 210 kwa 125, utamupeleka wapi leo? Andika hiyo mu protokole, ule mpango wa utafiti wako.

Inamufaa: mwanafunzi wa uuguzi ao afya ya jamii, timu ya watu watatu wanne wenye wanagawana kazi, mwenye anajulikana mu kartie ile.

Na majaribio ya dawa?

Waliniuliza pia. Kugawa watu kwa bahati, hawa dawa hii na wale ile, njo njia pekee ya kujua dawa inafanya kazi, lakini inahitaji bima, watu wa kuangalia usalama, na feza ya miaka. Majirani wetu Uganda walifanya jaribio ya GOAL, matokeo yake yakatoka mwisho wa 2021: watoto 818 wenye rimatismu ya moyo yenye haijaonyesha dalili, nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila wiki 4. Kisha miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 wa sindano, na kwa 33 wenye hawakuchomwa. Wewe peke yako na memwari, hapana. Lakini kama timu inakuja kutafuta mutu wa kuandika data, ingia, utajifunza.

Kwa hali yako

Kama umebakiza miezi 4 na huna feza: mafishi, lakini chukua watu wote wa rejista, pamoja na waliokufa saa ya kwanza, na uulize swali ya "nani na vipi", si ya "dawa gani ni bora".

Kama uko na mwaka muzima na hospitali iko na mashini ya ekografi yenye kufanya kazi: fuata watu 50 ao 60 tu, uwafuate vizuri. Watu 60 wenye unajua mwisho ya 57 wanapita watu 200 wenye nusu hawajulikani.

Kama uko muuguzi, uko na wenzako, na roho yako iko ku kuzuia kuliko kutibu: tansio mu avenyu zenu. Rimatismu ku masomo, ungoja mpaka upate mutu wa ekografi.

Kama huwezi kuamua, kuko njia ya kati yenye ninaipenda: chukua mafishi ya miezi 6 iliyopita, kisha pigia simu familia zenye ziko na namba, uombe komite ikuruhusu kwa hiyo wazi wazi. Utapoteza wengi, utaandika ni wangapi, na bado utajua kitu hakuna mutu wa hapa alikuwa anajua.

Na yule mudogo mwenye alishaanza kufuata wagonjwa na mafishi yake tano za kwanza hazina namba ya mutu wa familia: rudi leo jioni, bado wako mu kitanda.